Saa Iliyo Ndani ya Mwili

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi letu na mfanya kazi wa reli, siku ya mkutano wa mafunzo. Yamepigwa chapa kwa ombi la wale waliokuwapo, ili na wale waliokuwa kazini wayasome.)



Kamati iliniambia niseme juu ya mambo ya elimu mpya, yale ambayo wataalamu wameyavumbua nayo yanatuhusu sisi katika afya na kazi zetu. Nilishangaa kidogo, maana mimi si mtu wa masomo makubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaishia hapo, nikaingia reli. Lakini mwalimu wetu alituzoeza jambo moja: kila karatasi ipitayo mkononi mwako, isome kabla hujafungia sukari. Nimeishika desturi hiyo mpaka leo. Basi nitasema yale niliyoyasoma na kuyaelewa, nami nimechagua jambo moja tu, yaani zamu ya usiku. Hapa tulipo naona nyuso nyingi zinazoijua.

Kwanza nitawaambia kisa changu mwenyewe. Sijakisema mbele ya watu hata siku moja.

Kazi yangu ni kugeuza njia za reli stesheni. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika stesheni moja ya bara, ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimemaliza juma la kazi ya mchana, nikatiwa zamu ya usiku. Usiku wa kwanza ulipita, na wa pili ukapita. Siku ya tatu mchana sikulala, maana mtoto alikuwa na homa, nami nilikwenda naye kwa daktari, tukangoja foleni mpaka alasiri. Jioni nikavaa koti, nikachukua taa, nikaenda kazini. Nilijiona mzima kabisa.

Ilipokuwa yapata saa kumi kasoro robo za alfajiri, stesheni masta akaniambia gari la mizigo limekwisha toka stesheni ya jirani, nalo litapita njia namba mbili. Nikajibu vizuri, "Namba mbili." Nikatembea mpaka kwenye mkono wa chuma, nikavuta. Nilivuta namba tatu. Na katika njia namba tatu yalikuwa yamesimama matangi ya mafuta.

Ndugu zangu, sikuwa nimelala. Macho yangu yalikuwa wazi, miguu yangu ilitembea, na mdomo wangu ulikuwa umesema namba mbili. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenzetu aliyekuwa akipita na taa yake. Aliitazama njia, akapiga kelele jina langu. Nikageuza. Baada ya dakika chache gari likaingia, likapita salama, na dreva akanipungia mkono asijue lolote.

Mzee yule hakunishitaki. Aliniambia tu, "Mwanangu, saa hiyo ni saa ya shetani. Sote inatujua." Wala mimi sikusema, kwa kuogopa kupoteza kazi. Lakini tangu siku ile neno la mzee lilinikaa moyoni. Kwa nini saa hiyo? Kwa nini isiwe saa nne za usiku, wala saa moja asubuhi? Nikaanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Habari yenyewe inaanzia kwenye jani. Sote tulipokuwa watoto tumecheza na kifauwongo. Ukikigusa, majani yanajikunja kama yaliyokufa. Tena usiku ukiingia hujikunja yenyewe, na asubuhi hufunguka. Ungedhani yanafuata jua. Lakini mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliutia mmea wa namna hiyo mahali penye giza mchana na usiku. Jua halikuuona. Hata hivyo majani yakaendelea kufunguka wakati wa mchana na kujikunja wakati wa usiku. Maana yake ni kwamba mmea haukuwa ukingoja jua liuambie. Ulikuwa na saa yake ndani.

Ilipita zaidi ya miaka mia mbili kabla watu hawajajua saa hiyo imetengenezwa kwa nini. Mwaka 1971 huko Marekani, Seymour Benzer na mwanafunzi wake Ronald Konopka walichunguza vijinzi vidogo vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva. Wakaona baadhi yao saa zao zimeharibika: wengine siku yao ni fupi, wengine ni ndefu, na wengine hawana mpango wowote. Wakatambua kwamba kosa hilo limo katika jeni moja, yaani ile amri ya urithi ambayo mtoto huipata kwa wazazi wake. Mwaka 1984 Jeffrey Hall na Michael Rosbash, na Michael Young katika mji wa New York, wakaipata jeni yenyewe na kuitenga. Kwa kazi hiyo na ile iliyofuata, watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017.

Inavyokwenda saa hiyo si vigumu kuelewa kwa mtu wa reli. Fikirini bohari. Usiku bohari inapokea mizigo, na mizigo inazidi kujaa. Ikijaa sana, mizigo yenyewe inauzuia mlango, wala hakuna kitu kipya kinachoweza kuingia. Halafu iliyomo inaanza kutumika, inapungua kidogo kidogo, mpaka mlango unafunguka tena na kazi inaanza upya. Ndivyo ilivyo ndani ya chembe ya mwili. Jeni inaamuru protini itengenezwe. Protini inazidi wakati wa usiku, inarudi kuizima amri ile ile iliyoitengeneza, kisha inaharibika wakati wa mchana, na amri inawaka tena. Mzunguko mmoja huchukua karibu saa ishirini na nne. Mambo hayo wameyaona kwanza kwa kijinzi, lakini sisi watu nasi tunayo saa ya namna hiyo, karibu katika kila chembe: katika ini, katika moyo, katika tumbo.

Sasa, saa nyingi namna hiyo zahitaji stesheni masta mmoja wa kuzilinganisha. Naye yupo. Ni fungu dogo la chembe za ubongo, yapata 20,000, nyuma ya macho, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Huyo ndiye anayetoa amri: sasa joto la mwili lishuke, sasa lipande, sasa homoni ya usiku itoke. Homoni hiyo huitwa melatonini, nayo ilitambuliwa mwaka 1958 na daktari Mmarekani, Aaron Lerner.

Na stesheni masta huyo mwenyewe anapata saa yake wapi? Anaipata kwa nuru. Mnamo mwaka 2002 wataalamu walionyesha kwamba ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura ya kitu. Zinapima mwanga tu na kupeleka habari kwa ile saa kwamba kumekucha. Kwa hiyo hata vipofu wengine, wasioona kitu chochote, saa ya mwili wao bado inaufuata mchana.

Tazameni basi wazee wetu wa Kiswahili. Wao wanahesabu saa tangu kucha: jua likitoka, saa kumi na mbili; saa ya kwanza ya mchana ikiisha, saa moja. Mzungu anaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Saa iliyo ndani ya mwili inakwenda na hesabu ya wazee. Kwake siku inaanza kwa mapambazuko.

Sasa nairudia saa ya shetani. Mtu anayeishi kwa desturi ya kulala usiku, joto la mwili wake hushuka usiku kucha, nalo hufika chini kabisa kama saa kumi au saa kumi na moja za alfajiri. Wakati huo melatonini ingali nyingi, akili ni nzito, mkono ni mzito, macho yanaona lakini habari inachelewa kufika. Mwili wote umekwisha pewa amri moja tu, nayo ni "lala". Nawe umesimama na taa, umeshika mkono wa chuma wa kugeuza njia. Yule mzee hakusoma kitabu chochote, lakini alikuwa amekiona kitu cha kweli. Mtambo wa nguvu za atomiki wa Three Mile Island, Marekani, uliharibika tarehe 28 Machi 1979 yapata saa kumi za alfajiri. Ule wa Chernobyl ulipasuka tarehe 26 Aprili 1986 saa saba na dakika ishirini na tatu za usiku. Sababu zake zilikuwa nyingi, sisemi ni usingizi tu. Lakini makosa ya watu yalikuwamo, na watu hao walikuwa wa zamu ya usiku.

Juu ya saa hiyo kuna deni la usingizi. Mwaka 1997 wataalamu wawili huko Australia, Dawson na Reid, walichapisha jaribio. Waliwapa watu kazi ya kutumia jicho na mkono, mara wakiwa wamekaa macho muda mrefu, mara wakiwa wamepewa pombe kidogo kidogo. Wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho huko kwao dreva akikifikia amevunja sheria. Akikaa saa 24, ni karibu mara mbili ya hapo.

Hesabuni nami. Usiku ule wangu, mimi nilikuwa nimekaa macho tangu zamu ya usiku wa pili, zaidi ya saa 22. Kama ningekuja kazini nimekunywa chang'aa, stesheni masta angenifukuza pale pale mlangoni, na angekuwa na haki. Lakini nilikuja nimelewa kwa kukosa usingizi, wala hapakuwa na mtu wa kuninusa, wala mimi mwenyewe sikujijua. Hilo ndilo la hatari kuliko yote. Mlevi huyumba akaonekana. Mchovu husimama wima.

Yapo pia mambo ya afya ya siku nyingi. Shirika la kimataifa la kuchunguza saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 2007, likarudia mwaka 2019, kwamba kazi ya zamu za usiku yaelekea kuleta saratani. Sikilizeni neno hilo vizuri, msitoke hapa mkaenda kutisha wake zenu. Hawakusema kwamba kila mtu wa usiku ataugua, wala hawakusema kwamba jambo limethibitika kabisa. Walisema ushahidi unaelekea huko. Uchunguzi mwingi pia umeonyesha kwamba watu waliofanya zamu za usiku miaka mingi wanapatwa zaidi na maradhi ya moyo na ya kisukari kuliko wa mchana. Tumbo lina saa yake, na ugali mzito wa saa tisa za usiku huikuta imefunga duka.

Najua wengine mnasema moyoni, "Mimi nimekwisha zoea." Ndugu yangu, huenda umezoea kuvumilia. Saa ya mwili haizoei upesi, kwa sababu kila asubuhi ukitoka kazini unakutana na jua, nalo linaipa habari ile ile kwamba kumekucha, amka. Tena siku ya mapumziko unarudi kulala usiku pamoja na watu wa nyumbani. Basi saa inavutwa huku na huku, kama behewa lililofungwa injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikivuta upande wake.

Wengine mnasema, "Posho ya usiku ndiyo inayolipa karo." Kweli. Mimi pia naitegemea. Sijaja kusema zamu ya usiku iondolewe. Magari yatakwenda usiku, wagonjwa watauguzwa usiku, na mitambo ya bandari haitalala. Ninachosema ni kwamba kazi hiyo ina bei yake mwilini, na ni haki bei hiyo ihesabiwe.

Sasa tufanye nini? Nitaanza na yale tunayoyaweza wenyewe.

Kwanza, giza. Unapolala mchana, tundika blanketi dirishani mpaka chumba kiwe cheusi. Waelezeni watu wa nyumbani na majirani kwamba baba anayelala mchana si mvivu, wala mama pia. Amekwisha fanya kazi. Katika nyumba zetu zilizobanana jambo hili ni gumu, lakini jirani akielewa atawapeleka watoto wacheze upande wa pili.

Pili, simu. Mwanga wa simu, hasa ule wenye rangi ya buluu ndani yake, unaidanganya ile saa ya kichwani kwamba bado ni mchana. Ukipanda kitandani, iweke mbali.

Tatu, usingizi mfupi kabla ya kazi. Wamarekani wa shirika la NASA walichunguza marubani wa safari ndefu. Wale walioruhusiwa kulala kidogo kwa zamu, na wastani wao ulikuwa dakika 26 tu, walikuwa macho na hodari zaidi mwisho wa safari kuliko wale wasiolala. Lakini ukiamka usikimbilie mtambo mara moja. Ngoja kichwa kitulie, nawa uso, kisha ndipo ushike kazi.

Nne, chai na kahawa. Zinasaidia mwanzoni mwa zamu. Lakini nguvu yake hukaa saa nyingi, na ukinywa karibu na kutoka utakwenda kugaagaa kitandani mchana. Na miraa? Inakufungua macho, lakini hailipi deni la usingizi. Inakukopesha tu, na siku ya kulipa hujui itakukuta wapi, labda juu ya baiskeli, barabarani, saa mbili asubuhi.

Haya ni ya mtu mmoja mmoja. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu hawezi kujiandikia zamu. Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza, nami nina mambo manne ya kuiomba kamati.

La kwanza, mwendo wa zamu. Uchunguzi uliofanywa katika chuo cha Harvard na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba saa ya mwili wa mtu ni ndefu kidogo kuliko siku: wastani wake ni saa 24 na dakika 11. Kwa hiyo ni rahisi zaidi mwili kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha. Zamu zikienda kutoka asubuhi kwenda alasiri, kutoka alasiri kwenda usiku, mwili unafuata. Zikirudi kinyume, mwili unaumia. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika kazi ya madini ya chumvi huko Utah, Marekani. Waligeuza mwendo wa zamu ukaenda mbele, wala hawakubadili kila juma kama zamani. Wafanya kazi wakawa na afya bora, na mazao ya kazi yakaongezeka. Basi neno hili si la kumwomba mwajiri sadaka. Yeye pia anafaidika.

La pili, mapumziko. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatupa siku moja ya kupumzika, isiyopungua, katika kila siku saba. Isiuzwe, wala tusiiuze. Kumbukeni ajali ya Clapham, London, tarehe 12 Desemba 1988. Fundi wa umeme wa signali aliacha waya wa zamani bila kuuondoa, ukagusa, na signali ikaonyesha njia nyeupe mahali palipokuwa na treni. Watu 35 walikufa. Baraza la uchunguzi la Anthony Hidden likaona kwamba fundi yule, katika majuma 13, alikuwa amepumzika siku moja tu. Baada ya hapo reli za huko zikawekewa mipaka: zamu isizidi saa 12, na kabla ya kurudi kazini mtu apumzike saa 12. Watu 35 walilipa bei ya mipaka hiyo. Sisi tunaweza kuipata bure kwa kuisoma.

La tatu, afya. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1990, unasema mfanya kazi wa usiku ana haki ya kupimwa afya yake bila kulipa. Tuutie katika madai yetu tutakapokaa mezani.

La nne ndilo lililonitia moyo kusema leo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa mwajiri na watu wetu. Kamati hiyo ipewe makosa yote ya karibu-karibu, yale yaliyotaka kuwa ajali lakini hayakuwa, naye ayasemaye asiadhibiwe. Mimi kosa langu nililificha miaka yote hii. Katika muda huo labda mwingine, stesheni nyingine, naye amevuta namba tatu saa ile ile, naye akaficha. Kila mmoja anadhani ni aibu yake peke yake. Kumbe tungezikusanya aibu zetu pamoja, tungeona zote zimeandikwa saa kumi za alfajiri, na hakuna mwajiri ambaye angeweza kusema ni uzembe wa mtu mmoja.

Mzee yule aliyenipigia kelele amekwisha staafu, yuko kwake analima. Nilimtembelea, nikamweleza habari za jani, na kijinzi, na fungu la chembe kichwani. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa wanajua. Je, wataandika zamu vingine?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, jibu liko katika chumba hiki. Kama nanyi mna kisa kama changu, mwandishi wa kamati ana daftari pale mezani. La kwanza litakaloandikwa humo ni langu, nami nimekwisha litia sahihi.